Mgeni Asingojeshwe: Hotuba kwa Wenye Migahawa ya Pwani

Mwenyekiti, wenye migahawa, wapishi, wahudumu, na ninyi vijana mnaopiga hesabu ya kufungua mgahawa wenu wa kwanza: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni namna ya kumfanya mgeni ale, aondoke ameridhika, na wiki ijayo arudi na ndugu zake. Wengi tukisikia mada hii tunafikiria mapambo: taa, matakia, ngalawa ya zamani iliyogeuzwa kaunta. Mapambo yana mahali pake na nitayafikia. Lakini kinachoharibu mlo wa mgeni mara nyingi kuliko hata chumvi kuzidi ni kungoja, na kungoja kuna sura mbili. Kuna kungoja samaki aive juu ya makaa: mgeni anaona moshi, harufu inamfikia, ameambiwa ni dakika 25, naye yuko radhi. Halafu kuna kungoja soda dakika 15 kwa sababu friji ni moja na ufunguo anao mtu aliyetoka. Kule kwa kwanza ni sehemu ya mlo. Huku kwa pili kumetokana na kazi iliyopaswa kufanywa asubuhi na haikufanywa. Nataka tuzungumze jinsi ya kukuondoa huku kwa pili, ili kule kwa kwanza kubaki na raha yake.

Nitatumia mfano wa mgahawa wa kawaida wa pwani yetu: viti 60, meza 15, jiko la gesi ndani na la mkaa uani, menyu ya samaki, pweza, pilau, wali wa nazi na mishikaki. Anayechoma nyama Arusha au kuuza ugali na sato Mwanza atabadilisha majina ya vyakula tu. Hesabu ni zilezile.

Tuanze na menyu, maana huko ndiko ucheleweshaji unakozaliwa. Menyu ya vyakula 45 inataka friza iliyojaa vitu ambavyo vingine haviulizwi wiki nzima, na inamtaka mpishi aanze upya kwa kila oda. Kwa viti 60 na wapishi watatu, vyakula 12 hadi 15 vinatosha, pamoja na ubao mmoja wa kuandika kilichopatikana leo. Huo ubao ni muhimu sana kwetu, kwa sababu bahari haisomi menyu iliyochapishwa. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo unakuwa mkali, vyombo vidogo vingi havitoki, samaki wanapungua na bei inapanda. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yakitoka mbali na wachokoaji wakaufikia mwamba kwa miguu. Siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, usimwahidi mtu pweza. Dagaa wanaovuliwa kwa taa hupungua mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mbalamwezi inaishinda taa ya mvuvi. Tundikeni kalenda ya mwezi karibu na mlango wa stoo. Anayenunua kwa kuiangalia hiyo hashikwi ghafla, na hamlazimishi mhudumu wake kusema "hiyo leo hakuna" mara tatu kwenye meza moja. Mgeni akiambiwa hivyo mara mbili, hamu imeshamtoka hata kabla hajaagiza.

Sasa mizani. Naomba mniwie radhi nikikaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo migahawa mingi yenye wateja wengi inapofungwa, na wenyewe hawaelewi kilichowafunga.

Tuseme nguru mzima sokoni ni shilingi 14,000 kwa kilo. Mwenye mgahawa anataka kuuza kipande cha gramu 200, anapiga hesabu ya haraka: 14,000 mara 0.2, ni 2,800. Kakosea tayari. Nguru akitolewa kichwa, matumbo, mapezi na mkia, kilo moja inakuachia kama gramu 650 za vipande vinavyouzika. Kwa hiyo kilo ya vipande imekugharimu 14,000 gawa kwa 0.65, yaani karibu 21,500, na kipande cha gramu 200 ni 4,300. Tofauti ni shilingi 1,500 kwa sahani. Ukiuza sahani 40 kwa siku, siku 26 za mwezi, umepoteza 1,560,000 bila mtu yeyote kukuibia.

Tuendelee. Mchele mkavu gramu 120, tuseme kilo ni 3,000: shilingi 360. Nusu nazi, 600. Mafuta, viungo, kachumbari, ndimu na mkaa, 900. Sahani nzima ya samaki wa kupaka na wali wa nazi imekugharimu 6,160. Ukitaka gharama ya chakula iwe asilimia 35 ya bei, gawanya 6,160 kwa 0.35, unapata 17,600, kabla ya VAT kwa wale mliosajiliwa. Kama mtaa wako hauwezi kulipa bei hiyo, usipunguze mchuzi kimyakimya. Tafuta samaki wa bei nafuu zaidi, au kipande cha gramu 160, na kiandikwe hivyo kwenye menyu. Kichwa ulichokitoa kisiende kwa paka: ni supu, na supu ya kichwa cha nguru yenye ndimu na pilipili inaweza kurudisha sehemu nzuri ya ile 1,500.

Pweza anatisha zaidi. Akichemshwa hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Anayempangia bei kwa uzito wa sokoni anauza kwa hasara huku akishangiliwa na wateja. Nyama ya ng'ombe ikipikwa hupungua robo hadi theluthi. Pimeni wenyewe, kabla na baada, mara tatu au nne kwa kila kitu, muandike kwenye daftari la jikoni. Na kwa ujumla, gharama ya chakula ukijumlisha na mishahara isivuke theluthi mbili ya mauzo, kwa sababu kodi ya pango, umeme, gesi, maji na leseni vyote vinasubiri kwenye theluthi inayobaki.

Mizani ina faida nyingine ambayo mgeni anaiona kwa macho. Anayerudi mara ya pili hurudi kwa sababu ya sahani ileile. Akikuta leo kipande ni kikubwa na kesho ni kidogo, au leo wali umejaa na kesho umepunjwa, ataamini anaonewa hata kama mpishi hakuwa na nia mbaya. Upawa mmoja wa kupakulia, wenye ujazo unaojulikana, unaondoa mabishano hayo. Gramu 120 za mchele mkavu hutoa kama gramu 330 hadi 350 za wali. Pakua hizo kwa mizani mara ya kwanza, angalia zinafika wapi kwenye upawa, weka alama, kisha kila mpishi apakue kwa alama hiyo.

Tuingie jikoni. Swali la kuuliza kila asubuhi ni hili: oda ikija saa moja usiku, kitu gani lazima kifanyike palepale, na kitu gani kingeweza kufanyika saa nne asubuhi? Pweza wa kilo moja na nusu hadi mbili anachemka taratibu dakika 45 hadi 60, mpaka uma uingie kwenye sehemu nene ya mkono bila kulazimishwa. Hahitaji maji mengi, kwa kuwa naye anatoa yake. Hiyo ni kazi ya asubuhi. Apozwe haraka, akatwe, apimwe kwa sahani, aingie kwenye friji. Usiku kinachobaki ni dakika 4 juu ya makaa makali, kupakwa mafuta, ndimu na thomu (kitunguu saumu). Mgeni anapata pweza laini mwenye harufu ya moto, na jiko halikusimama. Mgahawa unaomchoma pweza mbichi oda ikifika humpa mgeni kitu cha kutafuna mpaka taya ziume.

Mishikaki nayo ina mtego wake. Papai bichi lililosagwa linalainisha nyama, lakini halijui kuacha. Kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, saa mbili hadi tatu, basi. Likilala na nyama usiku kucha, nje kunakuwa rojo na ndani kumekauka, na kwenye kijiti vipande vinakatika. Katakata vipande vya sentimita 2.5 vinavyolingana, ili vyote viive pamoja. Kijiti chenye kipande kikubwa katikati ya vidogo ndicho kinachorudishwa jikoni.

Tui la nazi likitiwa mapema na kuchemshwa kwa nguvu linakatika, mafuta yanajitenga na mchuzi unaonekana kama umeharibika. Tui jepesi liive na viungo. Tui zito litiwe mwisho, moto mdogo, bila kufunika, huku unakoroga. Na tui lililokamuliwa asubuhi lisiachwe kaunta hadi jioni. Kwa joto letu linachacha mapema, na hakuna ukwaju utakaoficha.

Pilau ya sufuria kubwa inawashinda wengi kwa sababu wanazidisha maji kwa hesabu ya nyumbani. Kilo moja ya mchele uliolowekwa nusu saa inaweza kutaka lita 1.6 za supu. Kilo 10 hazitaki lita 16. Maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, na vitu hivyo haviongezeki mara kumi. Anza na lita 13 au 14, uandike matokeo, urekebishe kesho. Halafu usipike sufuria moja ya siku nzima. Pika ya kwanza iwe tayari saa sita kasorobo mchana, ya pili iwe tayari saa saba unusu. Mteja wa saa nane naye amelipa bei ileile, kwa nini apate ukoko?

Joto ni suala la uhai wa watu, kwa hiyo nitasema wazi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katikati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Cha moto kikae juu ya 60, cha baridi chini ya 5, na kinachopikwa kifike 70 katikati, siyo juujuu. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama hakina bei ya kutisha, nunueni viwili. Wali hasa unadharauliwa. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha zinaamka, zinazaana na kutoa sumu ambayo kuupasha wali tena hakuiondoi. Wali uliobaki utandazwe kwenye trei, unene usiozidi sentimita 5, upoe upesi na uingie kwenye friji. La sivyo umwagwe. Jodari naye, na jamaa zake kama vibua, akikaa juani baada ya kuvuliwa hujenga histamini. Mlaji anawashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, na kupika hakusaidii kitu. Kinga iko kwenye barafu, tangu ufukweni. Nendeni mnadani na kasha lenye barafu, na samaki anayeuzwa juani bila barafu mwacheni hata akipunguzwa bei.

Umeme ukikatika, usifungue friza "kuangalia tu". Friza iliyojaa na kufungwa inatunza baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, lakini friji ya kawaida ni kama saa 4. Kwa hiyo wakati wa mgao kinachotoka kwanza kwenda kupikwa ni vya friji.

Haya, mgeni amefika. Mhudumu mmoja aangalie meza nne, tano kwa wingi. Ndani ya dakika moja mgeni asalimiwe, hata kama mhudumu ana sahani mikononi: "Karibuni, nakuja sasa hivi" inatosha kumtuliza mtu, na kunyamaza ndiko kunakomfanya aanze kutazama saa. Maji na menyu dakika mbili au tatu. Kinywaji kabla ya dakika 5 tangu kuagizwa. Kitu kidogo cha kuanzia, bajia na chatini ya nazi kwa mfano, ndani ya dakika 10. Chakula chenyewe dakika 20 hadi 25. Kitakachozidi hapo mgeni aambiwe wakati wa kuagiza, asiambiwe baadaye akiwa tayari amenuna. Changu mzima wa gramu 450 anachukua dakika 12 hadi 15 kwenye makaa, ongeza kukwangua, kukata mistari na kupaka viungo. Mwambie mgeni dakika 25. Akiletewa dakika ya 21 atafurahi. Ukimwambia 15 ukaleta 21, samaki ni yuleyule lakini umeshamkera.

Kila karatasi ya oda iandikwe saa ilipoingia jikoni na saa chakula kilipotoka. Kalamu tu, haihitaji kompyuta. Usiku mkifunga, tenga karatasi zilizopita dakika 25 uzisome. Mara nyingi utakuta chakula kilekile kimejirudia, au ni saa ileile, au ni mpishi mmoja aliyepewa jiko la mkaa na la kukaangia kwa pamoja. Hapo unajua cha kurekebisha. Bila karatasi hizo, wapishi watawalaumu wahudumu, wahudumu watawalaumu wapishi, na kesho yatakuwa yaleyale.

Na awepo mtu mmoja kwenye kaunta ya kutolea chakula anayeita oda. Meza ya watu wanne ikiagiza samaki mzima, pilau mbili na mishikaki, anayeita aanze na samaki, mishikaki iingie makaani samaki akibakiza dakika 8, pilau ipakuliwe akibakiza mbili. Vyote vitoke pamoja. Kwetu kula pamoja ni adabu. Mmoja akiletewa mapema, hali. Anawasubiri wenzake huku pilau inapoa. Wahudumu wanaopeleka sahani mojamoja kadiri zinavyotoka wanadhani wanaharakisha, kumbe wanaharibu meza nzima.

Kunawa mikono ni jambo dogo ambalo mgeni halisahau. Sinki moja karibu na choo, sabuni imekwisha, taulo moja la watu wote: hivyo ndivyo ilivyo kwingi. Lete birika la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni mezani, au weka sinki mbili mahali panapoonekana, zenye sabuni ya maji na karatasi za kukaushia. Mhudumu anayemwagia maji aanze na mkubwa wa umri, amwage polepole, asiwe na haraka ya kukimbilia meza nyingine. Baada ya kula, maji yenye kipande cha ndimu huondoa shombo la samaki mikononi. Choo chenyewe kikaguliwe kila nusu saa, na anayekagua atie saini kwenye karatasi nyuma ya mlango.

Nizungumzie futari, kwa sababu hakuna mtihani mkubwa zaidi wa mambo yote haya. Siku ya kawaida wageni huja mmojammoja. Mwezi wa Ramadhani watu 60 wanakaa kabla ya Magharibi, wote wana njaa, na wote wanaanza dakika moja. Jiko lisilopanga linavunjika hapo. Dakika 15 kabla ya adhana, kila meza iwe na tende, tatu kwa kila mtu, na maji. Kwa watu 60 ni tende 180, zihesabiwe na kuoshwa mchana. Uji upakuliwe kama dakika 10 kabla, kwa sababu uji uliotoka motoni sasa hivi unamuunguza mtu aliyefunga kutwa nzima. Sambusa zifungwe mchana na kukaangwa nusu saa ya mwisho, mafuta yakiwa nyuzi 170 hadi 180. Mafuta yakiwa ya baridi zinanywa mafuta, yakiwa moto mno zinaungua nje na unga wa ndani unabaki mbichi. Kaimati zikaangwe mwisho kabisa, maana zikikaa zinalegea.

Kisha kuna zawadi ambayo wengi hawaitumii. Baada ya tende na uji, wengi wanasimama kuswali. Mnapata dakika 10 hadi 15 za kupanga mihogo ya nazi, ndizi, maharage, tambi, mkate wa sinia na mchuzi wa pweza kwenye meza, vyote vya moto. Ili hilo liwezekane, tengeneza mahali pa kutawadhia na pa kuswalia: mikeka safi, nafasi ya wanawake na ya wanaume, viatu visizibe njia ya wahudumu. Kibla kwa pwani yetu ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa; weka alama ukutani ili mgeni asihangaike kuuliza. Mgahawa ulioandaa haya unakumbukwa mwaka mzima, na watu wanaweka nafasi ya Ramadhani ijayo kabla Shawwal haijaisha.

Mahali penyewe. Meza iwe na urefu wa sentimita 75, kiti 45. Njia anayopita mhudumu na sinia iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, vinginevyo mchuzi utamwagikia bega la mtu. Wenye tamaa ya kubana viti 72 mahali pa 60 hawapati mauzo ya viti 72, kwa sababu wahudumu wanapunguza mwendo na wageni wanaondoka mapema. Jiko la mkaa liwekwe kwa kufikiria pepo zote mbili. Waliolijenga wakati wa kusi wakaona moshi unakwenda vizuri, hushangaa kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia moshi wote unapogeuka na kuingia kwenye meza. Lipe jiko ukuta na bomba refu la kutolea moshi, au liwe linahamishika. Sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya bati hurudisha sauti; watu 40 wanasikika kama 100, na wazee wanashindwa kuzungumza. Mikeka ukutani, makuti juu na vitambaa vizito vinameza kelele. Taa ziwe za rangi ya njano, zimulike sahani. Mwanga mweupe wa dukani unamfanya hata samaki mzuri aonekane mgonjwa.

Wafanyakazi wale kabla ya wageni wa jioni kufika, saa kumi, chakula cha kushiba. Mhudumu mwenye njaa hawezi kumshawishi mtu kula. Baada ya hapo, dakika 10 za kikao mmesimama: leo tuna samaki gani, bei gani, kipi ni kidogo, nani ameweka nafasi, nani ana mgonjwa wa kisukari au asiyekula karanga. Kila mhudumu aonje cha kwenye ubao. Bakshishi igawanywe wazi, mbele ya wote, na wapishi wamo.

Lalamiko likija, mhudumu asikilize mpaka mwisho bila kujitetea, aombe radhi, na aondoe sahani mezani. Sahani mbaya isiachwe mbele ya mgeni ikimkodolea macho. Sahani mpya ipite mbele ya oda zote. Mpe mhudumu ruhusa ya kuamua mwenyewe mpaka kiasi fulani, tuseme soda au sahani moja, asimtafute meneja ambaye yuko benki. Halafu liandikwe kwenye daftari: nini, saa ngapi, nani alipika. Malalamiko matatu ya kitu kimoja kwa wiki ni kazi yako mwenye mgahawa, usiiachie jiko.

Bili. Mlo mzuri wa saa moja unaweza kuharibiwa na dakika 20 za kungoja bili, na huku ndiko kungoja kusikosamehewa kabisa, kwa sababu mgeni anataka kukupa pesa. Bili ijumlishwe tangu oda inapoingia, ifike mezani ndani ya dakika 3. Chenji iwe imeandaliwa tangu asubuhi, namba ya kulipia kwa simu ibandikwe mahali mgeni anapoiona, na risiti itoke bila kuombwa. Wakati anasubiri risiti, mpelekee kahawa chungu ya tangawizi kwenye kifinjani, na kashata moja. Gharama yake ni ndogo. Iingize kwenye bei ya sahani tangu mwanzo. Anayeipeleka awe ni yuleyule aliyempokea mlangoni, na hapo ndipo amuulize kama chakula kilikuwa sawa, maana mtu aliyeshika kahawa hujibu ukweli.

Upande wangu nimefika mwisho. Jikoni hapo nyuma kuna nguru mzima wa kilo 4 na mizani mbili. Anayetaka, aje na kalamu, tumpime kabla ya kisu na baada ya kisu, kisha tupige hesabu ya bei ya sahani yake mwenyewe. Ahsanteni sana.